Mwaka Mmoja wa Kuchangia Simu ya Ushauri kwa Wakulima Kupitia Mshahara

Kwa mwaka mzima sasa, wafanyakazi wa kampuni yetu, ambayo huuza pembejeo za kilimo, tumekuwa tukichangia shirika moja linaloendesha simu ya bure ya ushauri nasaha kwa wakulima, wafugaji na familia zao. Mimi ndiye niliyekabidhiwa uratibu wa mchango huo, na ninaandika tathmini hii kwa ajili ya wenzetu wa sehemu nyingine za kazi wanaofikiria kujiunga na mpango wa aina hii. Niseme mapema kwamba huduma hii ni nzuri na inastahili fedha tuliyoitoa, lakini manufaa yake yalianza kuonekana vizuri pale tulipoacha kuchanga mara moja kwa mwaka na kuanza kuchanga kidogo kidogo kila mwezi.

Wapo walioniuliza kwa nini tuchague wakulima, wakati msongo wa mawazo haumchagui mtu. Mkulima hana mahali pa kuuacha mzigo wa kazi jioni, kwa sababu shamba ndilo kazi yake na ndilo nyumba yake, na mara nyingi ndilo urithi aliopokea kwa wazazi na anaotarajiwa kuwakabidhi watoto. Anakopa kabla hajajua mvua itakuwaje, anauza kwa bei ambayo hakuipanga, na anaweza kukaa siku kadhaa bila kuzungumza na mtu asiye wa nyumba yake. Zaidi ya hayo, sumu za kuulia wadudu ziko karibu naye kila siku. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba zaidi ya watu 700,000 hujiua kila mwaka duniani, na kumeza viuatilifu, yaani sumu hizo za kuulia wadudu, ni miongoni mwa njia kuu za vifo hivyo. Sri Lanka ilipopiga marufuku sumu kali zaidi, moja baada ya nyingine, vifo vya kujiua vilipungua kwa takriban asilimia 70, na inakadiriwa kwamba maisha ya watu wapatao 93,000 yaliokolewa kati ya 1995 na 2015. Kwa sisi ambao bidhaa hizo hupita mikononi mwetu, takwimu hizo ni suala letu moja kwa moja. Sheria hutungwa na serikali, lakini gharama ya kuwa na mtu wa kupokea simu mwanzo hadi mwisho wa msimu tunaweza kuibeba sisi.

Mwanzoni tulifanya kama wengi wanavyofanya: tuliandaa matembezi ya hisani, tukavaa fulana, tukapiga picha, tukakabidhi hundi. Fedha ilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia, ila shirika lilitueleza kwa uungwana kwamba haliwezi kumwajiri mnasihi, yaani mtoa ushauri nasaha, kwa fedha ambayo halijui kama itakuja tena. Tukahamia kwenye makato ya mshahara. Kila aliyependa alijaza fomu, akataja kiasi mwenyewe, na ofisi ya uhasibu ikawa inakikata kila mwisho wa mwezi, huku mwajiri akiongeza kiasi kilekile juu yake. Utaratibu huu si mgeni. Uingereza, kwa mfano, iliuwekea mpango rasmi mwaka 1987, na mchango hukatwa kabla ya kodi ya mapato. Anayetaka kuuanzisha amuulize kwanza mhasibu wake sheria ya kodi inasemaje. Nasisitiza pia kwamba orodha ya waliochangia na wasiochangia isibandikwe ukutani, wala wakubwa wa idara wasipite mezani wakiulizia, maana mchango wa kuona aibu haudumu.

Sehemu ya huduma iliyonigusa zaidi ni ile ambayo hatukuitarajia. Pamoja na kupokea fedha, shirika lilitufundisha kwa siku 2 huduma ya kwanza ya afya ya akili, mafunzo ambayo asili yake ni Australia mwaka 2000 na ambayo sasa yameenea katika nchi nyingi. Tulifundishwa kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi humpa nafasi ya kusema alichokuwa anakificha. Wiki chache baadaye mwenzetu wa kaunta alimwona mteja wa siku nyingi, mtu ambaye hakuwahi kuondoka bila kuvutana naye juu ya bei, akilipia sumu ya kuulia wadudu kimya kimya na kutaja tu kwamba ameuza ng'ombe wote. Alimkaribisha akae, akamuuliza swali lile kama tulivyofundishwa, na bidhaa ile haikutoka dukani siku hiyo. Walipiga simu ya ushauri wakiwa wamekaa pamoja. Yule mteja bado huja dukani kwetu, na bei tunavutana nayo kama zamani.

Kasoro zipo. Katika miezi 4 ya kwanza simu ilipokelewa saa za ofisi tu, saa ambazo mfugaji yuko zizini na mkulima yuko shambani. Anayelemewa na mawazo hulemewa zaidi usiku, deni likimnyima usingizi. Taarifa ya matumizi ya robo ya pili ilichelewa hadi tukaiomba mara 3. Nilikataa pia mabango yao ya kwanza, yaliyoonyesha mkulima ameshika kichwa kwa mikono miwili, kwa kuwa mtu mwenye heshima zake hapigi namba iliyo chini ya picha inayomwonyesha kama aliyeshindwa. Waliyabadilisha bila ubishi, na bango jipya lina namba, saa za huduma, na maelezo kwamba mpigaji halazimiki kutaja jina. Kuhusu siri sina lalamiko lolote: hutupatia idadi ya simu na mada zilizozungumzwa, basi, na tusiwadai zaidi ya hapo.

Kwa mwaka wa pili tumesaini tena, kwa masharti mawili. Taarifa ya fedha itolewe kila baada ya miezi 3 bila kukumbushwa, na nyongeza ya mchango wetu iende yote kwenye zamu ya usiku. Zamu hiyo imeshaanza, na mnasihi wake wa kwanza ni mama aliyekulia kwenye familia ya wafugaji.