Ufahamu mtupu au Mungu anayesikia? Shankara na Ramanuja

Shankara na Ramanuja, wanafalsafa wa Kihindu, wote wawili walitoka kusini mwa India, wakafafanua Upanishadi zilezile, maandiko matakatifu ya kale ya dini yao, wakakubaliana kwamba asili ya vyote, Brahman, si kitu kisichojitambua. Wanapoachana ni hapa: je, asili hiyo ni wa kuombwa?

Kwa Shankara, wa karne ya 8 hivi, Brahman ni ufahamu mtupu, usio na sifa wala wa pili wake. Mfano wake maarufu ni kamba gizani: unadhani ni nyoka, moyo unaenda mbio, taa ikiletwa nyoka hayupo. Ndivyo ulimwengu ulivyo. Hata Mungu mwenye sifa ni Brahman huyohuyo, akitazamwa na ambaye bado hajajua. Nafsi yako haimwendei, ndiyo yeye.

Ramanuja, ambaye kwa mapokeo alifariki 1137, anakataa. Hoja yake naiona nzito: ufahamu siku zote ni wa fulani, tena kuhusu jambo fulani. Ukisema "najua", yupo anayejua na kipo kinachojulikana. Kwake Brahman ni Vishnu, Mungu anayeabudiwa na Wahindu wengi, na ulimwengu pamoja na nafsi zote ni mwili wake: ni vya kweli, vinamtegemea, ila havilingani naye.

Naegemea kwa Ramanuja. Mama aliyepiga magoti usiku, mtoto akiungua homa, hazungumzi na ufahamu usio na mwenyewe. Shankara naye aliiruhusu ibada, lakini kama ngazi tu, na hapo ndipo ninaposhindwa kumfuata.