The Office ya Marekani: vipindi vya kuanzia na vya kuruka

Mfululizo huu wa vichekesho, uliopigwa kana kwamba ni filamu ya kweli kuhusu ofisi moja, una vipindi 201 katika misimu 9, ulirushwa na televisheni ya NBC kuanzia Machi 2005 hadi Mei 2013, na wengi wanaoukimbia wanaukimbia kwa sababu moja: walianzia mwanzo. Kipindi cha kwanza kimefuata mno kile cha Uingereza cha Ricky Gervais na Stephen Merchant, na maneno yaliyotungwa kwa ajili ya Gervais, aliyeigiza meneja kule, yanamkaa Steve Carell, meneja wa huku, kama koti la kuazima. Kiache. Utakirudia baadaye kwa udadisi tu.

Anza na cha tatu, "Health Care". Makao makuu ya Dunder Mifflin, kampuni ya kuuza karatasi, yanataka bima ya afya ya tawi la Scranton, mji wa Pennsylvania, ipunguzwe gharama. Meneja, Michael Scott, anataka kupendwa na kila mtu, kwa hiyo hathubutu kupeleka habari mbaya mwenyewe. Anamtupia Dwight, muuzaji anayejiona msaidizi wake, naye Dwight anafyeka bima mpaka haibaki kitu. Wafanyakazi wanapotakiwa kuandika maradhi waliyonayo ili yaingizwe kwenye mpango, Jim, muuzaji mwenzake, na Pam, mpokea wageni, wanajaza fomu kwa magonjwa ya kubuni, na Dwight anayasoma kwa sauti mbele ya wote akitaka kila mwenye lake ajitokeze. Wakati huohuo Michael ameahidi kwamba jioni kutakuwa na zawadi ya kushangaza. Hana zawadi. Dakika za mwisho ni watu waliosimama wakimtazama, naye anavuta muda kana kwamba kuna mtu atabisha hodi amwokoe. Mfululizo huu hauna kicheko cha kubandikwa, hivyo ukimya ule wote unabaki mikononi mwa mtazamaji.

Hapo ndipo ilipo siri ya vipindi vizuri karibu vyote: kazi ndogo ya ofisi, ya kuchosha kabisa, inaachiwa iharibike hatua kwa hatua mbele ya kamera ambayo ina sababu ya kuwepo. Kamera inashikwa mkononi. Mpigapicha wake mkuu kwa miaka mingi, Randall Einhorn, alitokea kwenye Survivor, shindano la televisheni la kuishi porini, na inaonekana: anachungulia kati ya mapazia ya vibao, anachelewa nusu sekunde kumpata anayeongea, anavuta picha ghafla pale mtu anapodhani haonekani. Kisha kuna yale mahojiano ya pembeni, mhusika akiwa peke yake na kamera. Angalia yanavyokatwa. Mtu anasema jambo, picha inarudi ofisini, na tunaona kinyume chake. Mahojiano yakianza kueleza kile ambacho tumeshakiona, jua kipindi kimeishiwa.

Msimu wa pili ndio ulioupata mkono wake. Michael analainishwa: bado ni kero, lakini sasa tunaona ni mpweke. "The Injury", kilichoandikwa na Mindy Kaling, ni mfano safi. Michael hupenda kuamshwa na harufu ya nyama ya nguruwe, kwa hiyo hulala na jiko la umeme la kubanikia kando ya kitanda. Asubuhi analichomeka, anarudi kulala, na siku hiyo akiamka analikanyaga. Dwight anakurupuka na gari kwenda kumchukua na kugonga nguzo kabla hata hajatoka kwenye maegesho. Kuanzia hapo kuna wagonjwa wawili. Michael anapiga kelele kutwa, mguu umeviringishwa plastiki ya viputo. Dwight, aliyetikisika ubongo kweli, amegeuka mpole na mstaarabu, na anayetambua kwamba hilo si jambo la kawaida ni Pam. Maumivu madogo yanapewa sauti yote na makubwa yanakaa nyuma ya picha. Ukikitazama mara ya pili, mfuate Dwight tu.

Kisha "Dinner Party", cha msimu wa nne, kilichorushwa Aprili 2008 mara baada ya mgomo wa waandishi wa Hollywood. Kiko nje ya ofisi karibu chote, na bado ndicho kinachofuata kanuni kwa ukali zaidi, maana mlango wa kuingilia ni wa kikazi: Michael anabuni kazi ya dharura ili Jim na Pam wafute mipango yao, halafu anajifanya kuwafutia kazi hiyo, kisha anawakaribisha chakula kwake. Sasa hawana kisingizio. Wakishafika, chakula kinahitaji kama saa tatu zaidi motoni. Tazama vitu vilivyomo nyumbani, maana kila kimoja ni ushahidi katika kesi ya Michael na Jan, mpenzi wake aliyewahi kuwa bosi wake. Runinga bapa ya dola 200, ndogo kiasi cha kuhuzunisha, ambayo mwenyewe anaionyesha kwa fahari jinsi inavyosukumwa ukutani. Benchi la miguuni pa kitanda, ambalo ndilo analolalia. Biashara ya mishumaa ya Jan. Mwongozaji Paul Feig hakimbizi lolote. Anawaacha wageni mezani huku mwenye nyumba na mwenziwe wakirushiana maneno ambayo wageni hawakupaswa kuyasikia. Jim anapojaribu kutoroka kwa kusingizia kwamba kwake kumejaa maji, huku akiwa tayari kumwacha Pam humo, ni kichekesho bora cha John Krasinski, anayemwigiza Jim, katika misimu yote. Usikitazame bila kupitia misimu miwili iliyotangulia. Bila historia ya Jan utaona ugomvi tu.

"Stress Relief" kilirushwa Februari 1, 2009, mara tu baada ya Super Bowl, fainali ya mpira wa Kimarekani, na kina urefu wa vipindi viwili. Ufunguzi wake, zoezi la moto ambalo Dwight analiendesha kwa moto wa kweli baada ya somo lake kupuuzwa, ni kazi ya fundi: anazipasha joto hendeli za milango kwanza, njia zinazibwa moja moja, na kila mtu anaonyesha tabia yake ndani ya sekunde chache. Kevin anavunja mashine ya vitafunio. Angela anamrusha paka wake darini. Somo la kufufua moyo linalofuata linakaribia kulifikia. Lakini ile filamu ya kughushi waliyomo Jack Black na Jessica Alba haihusiani na chochote. Iliwekwa kwa ajili ya watazamaji wa mpira, na unaweza kuisogeza mbele bila kupoteza kitu.

Carell anaondoka kwenye "Goodbye, Michael", Aprili 2011, na pale uwanja wa ndege anavua kinasa sauti chake, hivyo maneno yake ya mwisho na Pam hatuyasikii. Hiyo ndiyo kamera ikitumika kwa akili. Linganisha na msimu wa tisa, ambapo fundi wa sauti anajitokeza na kuingizwa kwenye ndoa ya Jim na Pam: sheria ya mchezo inavunjwa, na kinachopatikana ni machozi ya bei rahisi. Msimu wa nane una mwigizaji James Spader, anayestahili kutazamwa hata pale hadithi imekwama, ila Andy, muuzaji aliyepandishwa kuwa meneja, hubadilika tabia kulingana na mahitaji ya wiki.

Kuhusu "Scott's Tots" cha msimu wa sita: Michael aliwaahidi watoto wa darasa zima kuwalipia chuo, miaka kumi imepita, hana fedha, na anawapelekea betri za kompyuta mpakato. Kimejengwa vizuri. Wapo mashabiki wa kweli ambao hawawezi kukimaliza. Ukishindwa, ruka, vipindi vinavyofuata havikitegemei.