Msaada wa kisheria bure Dodoma, nawapa nyota nne

Jamani kama una kesi ya shamba au mirathi hapa Dodoma na hela ya wakili huna, nenda kwa wasaidizi wa kisheria. Nilimpeleka mama mdogo, mumewe alifariki akaacha shamba la zabibu Hombolo, mashemeji wakaanza eti mwanamke harithi ardhi, na toka serikali ihamie huku ardhi imepanda bei kila mtu anaitolea macho.

Alietupokea ni mama mmoja mwalimu mstaafu. Akatusalimia kwa Kigogo, mbukwenyi, akamvutia mama mdogo kiti, akamwacha aongee na alie mpaka amalize bila kumkatisha, ndo akaanza kuuliza, cheti cha ndoa kipo? Cha kifo je? Kikao cha ukoo mmekaa? Yaani kule kwingine tulikopita mama mdogo alikua anaongeleshwa kwa kufokewa, dirishani, amesimama. Akatueleza taratibu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanaume, ila letu sisi ni mirathi kwanza, twende mahakama ya mwanzo akaombe usimamizi, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu halihukumu.

Hela hatukutoa hata mia. Huduma ni bure, ipo kwenye Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, mtu akikudai ya faili shtuka.

Nikamuuliza, mama mbona hupumziki na wajukuu? Akasema miaka yote ya kufundisha alikua anaona watoto wanaacha shule baba akifa, ndugu wamebeba mpaka magodoro, roho ikawa haitulii, alivyostaafu tu akaenda kusomea hii kazi. Anajitolea, mshahara hakuna. Kiukweli mtu kama huyu ameitwa.

Nyota moja nimekata sababu ya chumba, ni kimoja, mambo yako ya ndani ya familia benchi zima linasikia, na mjane au binti aliepigwa anahitaji faragha. Pia mjue hawasimami mahakamani kukutetea, hapo anatakiwa wakili.

Mama mdogo ameshateuliwa msimamizi, zabibu za msimu huu kavuna mwenyewe. Nendeni asubuhi na kopi za vyeti, na mwenye uwezo awapelekee hata mbao za kugawa kile chumba.