Picha za kale za chai ya China, chapa ya Kampala: ipi inastahili fremu?

Seti ina picha nne za A3, bila fremu, kwa shilingi 180,000. Ofisi ya chama cha wakulima, shule au nyumba ya wageni kule Fort Portal na Bushenyi itapendeza nazo. Lakini mchapaji amezikuza zote kwa kipimo kimoja, na hapo ndipo ubora unapopishana.

Ya Athanasius Kircher, padri Mjesuiti (Amsterdam, 1667), ndiyo inayovuta macho kwanza. Kircher hakuwahi kukanyaga China. Alitegemea habari za Wajesuiti wenzake waliofika huko. Itundike kama pambo, usiifundishie. Kitabu chake ilikotoka picha kilikuwa kipana, kwa hiyo mistari yake inahimili A3 bila taabu.

Yenye thamani kweli ni ya Engelbert Kaempfer, daktari Mjerumani, 1712. Inaonyesha tawi, ukingo wa jani wenye meno, ua, na tunda. Mkulima wetu anapogoa na kuchuma majani mawili na chipukizi mwaka mzima, kwa hiyo shamba likitunzwa vizuri maua na matunda huonekana kwa nadra. Hapa anaviona vyote. Jani litamshangaza kwa udogo, lakini mchoraji hakukosea: hiyo ni aina ya Kichina, na mashamba ya Uganda yametawaliwa na ile ya Assam, India, yenye jani pana.

Bahati mbaya maandishi ya chini yanasema mmea ulichorwa China. Kaempfer alikuwa Japani, 1690 hadi 1692, na chai aliyoieleza ni ya huko. Kosa hili lirekebishwe kabla seti haijauzwa kwa shule yoyote.

Kasoro nyingine ni ukubwa. Kurasa za kitabu chake zilikuwa ndogo. Zikikuzwa hadi A3 kutoka faili hafifu, mistari myembamba ya kivuli inaungana na kuwa doa jeusi. Kagua kwa kioo cha kukuzia, au kamera ya simu, upande wa chini wa majani: kila mstari usimame peke yake. Ukiagiza upya Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, dai faili yenye nukta 300 kwa inchi katika saizi ya mwisho, yaani takriban nukta 3,508 kwa 4,961 kwa A3. Ikipungua hapo, chapa A4, inatosha kabisa.

Picha ya rangi ya daktari John Coakley Lettsom (London, 1772) imeharibiwa na wino: petali zimekuwa za waridi, ilhali ua la chai ni jeupe na katikati lina manjano. Tena maelezo yanadai chai ya kijani na chai nyeusi ni mimea miwili. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliitenganisha hivyo mwaka 1762, kwa idadi ya petali. Kosa lilidumu kwa sababu wageni walizuiwa wasiende mbali na Guangzhou, bandari ya kusini mwa China, hivyo hawakuyaona mashamba. Robert Fortune, mtaalamu wa mimea wa Uskoti, alipoyafikia miaka ya 1840 alikuta zote zinatoka kwenye kichaka kilekile. Tofauti ni kiwandani: ya kijani hupashwa moto mapema ili jani lisichachuke, nyeusi husagwa na kuachwa ichachuke kwanza.

Ya nne ni nakala ya michoro ambayo wachoraji wa Guangzhou waliwauzia Wazungu. Rangi safi, hatua za kutengeneza chai zinafuatana vizuri. Haina shida.

Kwa fremu, kataa karatasi ya kung'aa, inarudisha mwanga wa dirisha na kuficha mistari. Chukua isiyong'aa, nzito ya gramu 200 au zaidi, na uweke kadibodi iliyokatwa tundu katikati, kati ya picha na kioo. Bila hiyo, unyevu wa msimu wa mvua utaigandisha karatasi kwenye kioo, na ukijaribu kuibandua wino utabaki huko. Nyuma ya fremu acha nafasi kidogo ukutani ili hewa ipite.

Ikiwa muuzaji atakubali kuuza moja moja, chukua Kaempfer ya A4 na ile ya Guangzhou. Ya Lettsom isubiri ichapwe upya.