Kliniki ya saratani Kisumu: ndani ya geti nyota tano, nje ya geti mbili

Baba yangu ana saratani ya utumbo mpana, ile ya chini kabisa karibu na njia ya choo. Ametibiwa na kupasuliwa katika hospitali moja hapa Kisumu ambayo humshughulikia mgonjwa kwa timu. Jina nimeliweka kando kwa kuwa nina sifa na nina lalamiko pia. Mimi nauza mitumba Kibuye. Mteja akihudumiwa ovyo naona mara moja.

Kwanza, hakuna aliyekimbilia kisu. Kila Jumatano daktari wa upasuaji, wa kemo, wa mionzi, msomaji wa skani na yule wa maabara hukaa meza moja, wakafungua picha za MRI na kubishana. Kwa Mzee waliamua mionzi na kemo zitangulie ili uvimbe unywee, kwa sababu uvimbe wa pale chini ukikatwa hivi hivi ni rahisi kurudi palepale. Mionzi alipigwa Eldoret. Aliporudi, faili lilikuwa limeshafika na hakuna aliyemwuliza tena tatizo lilianza lini. Kama umewahi kumzungusha mgonjwa huku bahasha ya skani iko kwapani, unajua hilo si jambo dogo.

Wiki za kungoja upasuaji hakuachwa akae tu. Damu ilikuwa chini, akaongezwa madini ya chuma. Mtaalamu wa lishe hakumwandikia vyakula vya supamaketi. Aliuliza nyumbani Hamisi kuna nini, akaandika mayai, maharagwe, omena na uji wenye njugu za kusaga. Wa fiziotherapia akampa kidude cha plastiki chenye vijipira vitatu vinavyopanda ukivuta pumzi. Wajukuu wakakifanya mashindano.

Lakini aliyenifanya niandike haya ni sista wa stoma, yaani tundu linalofunguliwa tumboni ili choo kitokee kwenye mfuko unaobandikwa hapo. Siku moja kabla ya upasuaji alimtaka Mzee avae suruali yake ya kila siku, na mshipi. Akamkalisha, akamsimamisha, akamwinamisha kama mtu anayepalilia, kila mara akitazama ngozi ya tumbo inajikunja wapi.

"Baba, mshipi unaufunga hapa siku zote?"

"Hapo hapo, hata Jumapili."

Ndipo akachukua kalamu ya wino usiofutika akatia alama upande wa kushoto, chini ya mshipi, mahali Mzee anapoweza kupaona mwenyewe bila kioo. Stoma ikakaa palepale. Ingeangukia kwenye mkunjo, mfuko usingeshika vizuri, na huyu ni mzee wa kanisa la Friends ambaye husimama mbele ya watu.

Kesho yake baada ya upasuaji walishamtoa kitandani, mto ameukumbatia tumboni ili akikohoa asiumie, anatembea hadi dirishani. Akapewa Big-G atafune, eti inaamsha utumbo. Baba yetu, ambaye tangu utotoni hatukuruhusiwa kutafuna mbele ya wageni, huyo hapo wodini anatafuna kama makanga! Majibu ya maabara yalipotoka, timu ilikaa tena kuangalia kama kingo za nyama iliyokatwa ni safi na kama tezi zimeguswa na saratani, ndipo wakazungumza nasi kuhusu kemo ya kumalizia.

Sasa lalamiko. Timu hii inaisha Ijumaa jioni. Tulipewa kadi yenye nambari ya simu. Mfuko ulipovuja Jumamosi usiku, simu iliita hadi ikakatika. Kasualti, kijana wa zamu alikuwa na adabu zake, ila mifuko hana, kuikata tundu la kutosha stoma hajui, akatuambia turudi Jumatatu. Hata katikati ya wiki famasia yao mara nyingi haina, unatumwa kemisti mjini, na bei yake inauma. Watu waliofikiria hadi mshipi wa mgonjwa wanashindwaje kuacha mifuko miwili na mtu mmoja anayeijua kwa ajili ya wikendi?

Ukimpeleka mtu wako huko, anza makaratasi ya bima mapema. Na mifuko usinunue katoni nzima iliyokatwa tayari: stoma huwa imevimba mwanzoni, kisha hunywea kwa wiki 6 hadi 8, na tundu la mfuko likibaki kubwa uchafu unachoma ngozi. Ipime kila wiki, ukate upya. Karatasi ya kupimia sista anatoa bure, ila lazima uiombe.