Kozi ya Kiingereza cha hoteli hapa Mjini Unguja: mama wa watu kafedheheshwa bure

Nilitaka kuwapa nyota tatu, maana darasa ni safi na ada si ya kuumiza. Lakini mambo ya jioni ile, somo la kuuliza habari za wakati ujao, bado yananichoma roho.

Mwalimu kaandika ubaoni 'Will you come tomorrow?', akaeleza kuwa 'will' inakaa mbele ya 'you' na kitenzi hakibadiliki. Sawa kabisa. Sisi tunasema "utakuja kesho?" bila kupindua chochote, sauti tu ndiyo inauliza, kwa hiyo hapo mazoezi yanahitajika. Akaomba mifano. Mama mmoja wa makamo, anafanya usafi hoteli ya Shangani na wageni anaongea nao kila siku, akasimama: 'What time does the ferry leave tomorrow?'

Jamaa akacheka. "We mama, umesema kesho halafu unatia 'does'? Kesho ni 'will'! Kaa chini." Darasa zima likaangua kicheko.

Na mama alikuwa sahihi! Boti ina ratiba, na jambo la ratiba Waingereza wanaliuliza kwa wakati uliopo. Hata sisi tunauliza "boti inaondoka saa ngapi kesho?" na hakuna anayeshangaa. Mgeni ambaye safari yake imeshapangwa unamuuliza 'Are you checking out tomorrow?' Ukitaka kumbebea begi, 'Shall I take your bag?' Ukitaka kujua ana nia gani, 'Are you going to visit Jozani?' Hayo ndiyo maneno ya mapokezi, ndiyo tuliyolipia. Yeye ni 'will' asubuhi, 'will' jioni.

Nikanyoosha mkono nikamweleza kwa adabu. Akanijibu kama najua sana nikafungue shule yangu.

Kusema haki, binti anayefundisha zamu ya asubuhi ni hodari na ana subira. Kwa ajili yake ningesema nendeni tu. Lakini mtu mzima atoke kazini amechoka, alipe pesa yake, halafu achekwe kwa jibu sahihi? Hapana, msiende. Wenye kozi, mkisoma hapa, mwiteni yule mama mumwombe radhi mbele ya darasa lile lile, na ada yake mumrudishie. Mpaka mfanye hivyo nyota ni moja, na hiyo nampa binti wa asubuhi.