Supu ya sato tamu, ila ule mfuko sasa
Jamani supu ya sato ya hiki kibanda karibu na mwalo wa Kirumba, Mwanza, ni noma, ndimu, pilipili, ugali wa moto, unashiba mpaka jioni. Shida ni ukitaka ya kubeba, wanamimina supu inachemka kwenye mfuko wa plastiki wanapiga fundo, na baadhi ya plastiki zina kemikali kama bisfenoli A au fthaleti, joto na mafuta yanazivuta ziingie kwenye chakula, hiyo bisfenoli mwilini inajifanya estrojeni, ile homoni ya kike, Ulaya waliikataza kwenye chupa za watoto tangu 2011, sasa huo mfuko nani anajua una nini? Nikamwambia dada anayepakua, akacheka tu, "kaka mbona wote wanabeba hivi". Siku hizi naenda na hotpoti yangu yenye chuma ndani, tena naongezewa kichwa. Nyota nne.